Karo ya Chuo Imo Mtaani Mwetu



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, mitaa yetu ya pwani huingiwa na furaha ya siku tatu. Watu hupeana mikono barazani, halua hukatwa, na kijana aliyepasi huombewa dua msikitini. Kisha barua ya chuo hufika, na pamoja nayo karatasi ya karo. Papo hapo furaha hugeuka simanzi. Baba huanza kuwapigia simu jamaa wa Maskati na Jedda ambao hakuwauliza hali kwa miaka kumi. Mama hufungua kasha akatoa bangili. Shamba la minazi la marehemu babu hutafutiwa mnunuzi, naye mnunuzi, akijua kuwa muuzaji ana haraka, hutoa bei ya kumkomoa. Na wakati huo huo, mbele ya afisi ya wadi ambayo sote twaipita kwenda sokoni, pana tangazo la basari lililobandikwa wiki sita nyuma, na siku yake ya mwisho ilikuwa jana.

Nasema wazi, na atakayekasirika na akasirike: shida yetu kubwa si kukosa fedha. Fedha za kusomeshea zimo mtaani mwetu, nyingine ni za serikali na nyingine ni zetu wenyewe. Za serikali hatuziombi kwa wakati, na zetu wenyewe hatuzipangi. Kisha mtoto akikaa nyumbani twasema, “Ndiyo riziki yake.” Tusimsingizie Mwenyezi Mungu uzembe wetu.

Tuanze na za serikali. Mwaka 2003 Kenya ilianzisha mfuko wa maeneo ya bunge, na sehemu ya fedha zake ikawa hutolewa basari. Kaunti zilipoundwa mwaka 2013 nazo zikaanza kutoa basari zake. Mwaka 2023 ukaja mpango mpya wa vyuo vikuu, ambao mwanafunzi huomba mwenyewe, akaeleza hali ya nyumba yao, kisha akapimiwa ufadhili na mkopo kwa kadiri ya uhitaji wake. Mipango hii imefikishwa mahakamani: Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema kuwa sheria ya mfuko wa maeneo ya bunge haiafikiani na Katiba, na Desemba mwaka huo huo ikasema vivyo hivyo juu ya mpango wa 2023, na rufaa zikafuata. Basi mlango wa serikali waweza kubadilika sura mwaka hadi mwaka. Lakini jambo moja halijabadilika katika mipango yote hiyo: asiyeomba hakupewa.

Kuna wasemao, “Sisi ni watu wa heshima, hatuombi.” Subhanallah! Ni heshima gani hii ya kuuza shamba la mayatima usiku, ukaona haya kujaza fomu mchana? Kumwendea mtu nyumbani kwake ukamkunjia mikono, huko ndiko kuomba. Ama fedha ambazo wewe mwenyewe umezichangia kila ulipolipa ushuru wa sukari na mafuta, kuzijazia fomu ni kudai haki yako.

Na kuna wasemao, “Zote hugawanywa kwa kujuana.” Sikatai kuwa upendeleo upo, na wenye kuufanya watasimama mbele ya Mola wao. Lakini aliyedhulumiwa ni yule aliyeomba akanyimwa. Ambaye hakuomba hana la kushitaki. Omba kwa maandishi, nakala yako itiwe muhuri, uiweke. Ukinyimwa, uliza sababu kwa maandishi, kwani Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ni wangapi kati yetu walioitumia haki hiyo? Sisi twaridhika kulalamika barazani, kahawa ikimiminwa, na kikao kikivunjika kila mtu hujipangusa kanzu akaenda zake.

Tena tazama fomu zenyewe zinataka nini. Karibu zote zataka vitu vile vile: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi na cha mwanafunzi aliyefika miaka 18, matokeo ya mtihani, barua ya kukubaliwa na chuo, karatasi ya karo, na cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki, na aghlabu muhuri wa chifu au barua ya imamu. Vingi katika hivyo vyajulikana miaka kabla ya fomu kutoka. Lakini ni nyumba ngapi ambazo mtoto yu kidato cha nne na cheti cha kuzaliwa hakijatafutwa? Ni wajane wangapi wasio na cheti cha kifo, kwa kuwa marehemu alizikwa alasiri ile ile kama Sunna itakavyo, na baada ya khitma hakuna aliyekwenda kuandikisha? Kuharakisha maziko ni wema. Kusahau karatasi ni uzembe, na mwenye kuulipia uzembe huo ni yatima.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoundwa mwaka 1995, imewasomesha vijana wengi wa nchi hii. Lakini mkopo wake kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza umekuwa ukitozwa ziada ya asilimia 4 kwa mwaka, na kila Muislamu alijua jina la ziada hiyo. Sisi twapanda mimbari tukaiharimisha, na haki yetu kuiharimisha. Kisha twashuka, twavaa viatu, twaenda kula. Je, kijana yule tuliyemfungia mlango ule, tumemfungulia upi? Mwenye kumwambia mwenye kiu “maji haya ni najisi” na yeye ana mtungi kwake, kisha asimpe, amemfanyia nini? Kijana huyo ama atachukua mkopo na moyo wake umchome, ama ataacha chuo. Katika yote mawili sisi tuna sehemu yetu ya dhambi.

Na nisijitoe. Mimi nilikuwa katika kamati ya msikiti mmoja, na mwaka fulani tulichangisha fedha za kubadilisha mabusati. Yale ya zamani hayakuwa mabovu. Yalikuwa yamepauka rangi tu. Waumini walitoa kwa moyo mkunjufu, na mabusati mapya yakatandikwa kabla ya Ramadhani. Miezi ile ile, nyumba ya pili kutoka msikitini, palikuwa na msichana yatima aliyekuwa na barua ya kusomea uuguzi. Mamake alitujia, akasimama nje ya mlango na buibui lake, akasema haja yake. Tulimjibu kwa upole kuwa msikiti hauna fungu la mambo hayo. Tulisema kweli: fungu hatukuwa nalo. Lakini mikono ya kuliunda tulikuwa nayo, na ndimi za kutangaza Ijumaa tulikuwa nazo, kwa sababu tulizitumia kwa mabusati. Msichana yule sasa auza viazi karai barazani kwao. Kazi ya halali haina aibu, wala yeye hakutulaumu. Kila nipitapo huniambia, “Sabalkheri, mjomba,” nami hujibu nikitazama chini.

Wazee wetu hawakuwa hivi. Nenda Tudor, Mombasa, ukakitazame Chuo Kikuu cha Kiufundi. Kabla ya kupewa daraja hiyo mwaka 2013 kiliwahi kuwa Mombasa Polytechnic. Na hapo zamani, hadi 1966, kilikuwa Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, ambacho wazee walikiita MIOME. Katika fedha za kukianzishia, Sayyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Zanzibar, alitoa pauni 100,000, Aga Khan akatoa kiasi kama hicho, na Mabohora nao wakachanga. Hawakukijenga chuo kile kwa ajili ya kufundisha kusali, kwani vyuoni mwetu tayari watoto walifundishwa. Walikijenga ili kijana wa Kiislamu ajifunze ufundi wa mashine na umeme asiachwe nyuma katika nchi yake. Waliotangulia walijenga chuo kizima. Sisi twashindwa kumlipia mtoto mmoja muhula mmoja!

Utaniambia, “Zaka ni ya mafakiri, si ya masomo ya dunia.” Nami nakuuliza: mtoto wa mjane asiyekuwa na nauli ya kufika chuoni, yeye si fakiri? Sisi wa pwani twafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Imamu Nawawi katika Al-Majmu‘ ametaja kuwa mwenye kujishughulisha na elimu ya sheria, ambaye kazi ingemkatia masomo, ahalalikiwa na zaka japokuwa ana nguvu za kuchuma. Na katika wanavyuoni wa zama zetu, Sheikh Yusuf al-Qaradawi katika kitabu chake juu ya fikihi ya zaka aliliingiza humo pia somo lenye manufaa kwa dini au dunia ya Waislamu. Usinisikilize mimi, waulize masheikh wako. Lakini waulize kabla ya Ramadhani, si baada ya zaka kwisha kugawanywa noti noti mlangoni, kila mtu akapata ya kununua unga wa siku moja.

Tena iko njia ya qardhi hasan, mkopo usio na riba. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao yake Jedda, mwaka 1983 ilianza mpango wa kuwasomesha vijana wa Kiislamu wa nchi zisizo wanachama wake, na Kenya ikawa miongoni mwao. Mpango ule ulikuwa na hekima: kwa jamii fedha zilikuwa zawadi, lakini kwa mwanafunzi zilikuwa deni bila ya ziada. Amalizapo na kupata kazi, hurudisha kidogo kidogo katika mfuko wa jamii yake, ili asome mwingine. Ni lipi hapo lisilowezekana mtaani kwetu?

Hebu tufanye hesabu. Chukua msikiti wenye waumini 200 wa Ijumaa. Kila mmoja atoe shilingi 50, ambayo haizidi bei ya vikombe vichache vya kahawa na kashata. Ni shilingi 10,000 kwa Ijumaa moja. Kwa Ijumaa 52 ni shilingi 520,000. Wagawie vijana kumi, kila mmoja apata 52,000, na hapo hatujagusa zaka, wala nyumba za wakfu, wala yule tajiri ambaye arusi ya bintiye ilikuwa na ukumbi siku mbili na biriani lililomwagwa asubuhi yake.

Basi nayataka mambo matatu, wala si makubwa. La kwanza, kila msikiti uwe na daftari la elimu, lenye jina la kila kijana wa mtaa aliye kidato cha tatu na cha nne, mvulana na msichana, na karatasi alizo nazo na asizo nazo. La pili, pawe na mtu mmoja, na wanafunzi wa chuo wanaoijua mitandao watafaa sana, ambaye kazi yake ni kuyafuata matangazo ya basari ya wadi, ya kaunti, ya mashirika na ya vyuo vyenyewe, na kuyabandika msikitini na kwenye madrasa, na kuwasaidia kina mama kujaza. La tatu, pawe na mfuko wa mtaa, fedha zake zilipwe chuoni moja kwa moja, hesabu yake isomwe hadharani mara mbili kwa mwaka, na majina ya waliosaidiwa yasisomwe kamwe. Tusiwapange watoto wa watu mstari tukawapiga picha na hundi mkononi. Sadaka yenye masimango huharibika, na mtoto aliyeaibishwa mbele ya wenzake hausahau uso wa aliyemwaibisha.

Na wewe mzazi unayesoma haya, usingoje msikiti. Leo, kabla hujalala, fungua kasha utafute cheti cha kuzaliwa cha mwanao. Ikiwa hakipo, kesho asubuhi anza safari. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na upwa wenyewe ni huu ulio mbele ya mlango wako.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kusikia wakatenda, na asituulize siku ya Kiama juu ya mayatima waliotugongea mlango tukawajibu kwa upole kisha tusiwape kitu. Amin.