Kufuli Haimzuii Mwizi Peke Yake

Mwenye duka akitia kufuli mlango wa nyuma, amwogopa mwizi. Lakini moto haungoji ufunguo utafutwe. Mnamo Januari 28, 2009, duka la Nakumatt Downtown, katikati ya jiji la Nairobi, liliteketea na watu zaidi ya 20 wakafa. Baadhi ya walionusurika walidai kuwa milango ilifungwa ili bidhaa zisiporwe.

Sheria ilikuwapo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakataza kufunga mlango usioweza kufunguliwa upesi kutoka ndani, maadamu wafanyakazi wamo. Yaamuru pia utaratibu wa kutoka ujaribiwe mara kwa mara, na penye wafanyakazi 20 au zaidi iundwe kamati ya usalama.

Wengi wetu tuna cherehani nne au kiduka cha vitambaa, wala hatufikii hesabu hiyo. Haidhuru. Mteueni mmoja akague milango, nyaya na pasi kila asubuhi, aandike daftarini kasoro na siku iliyorekebishwa. Fanyeni zoezi la kutoka, mhesabiane nje mahali mlipopatana. Na mshonaji akisema waya wanuka, asikaripiwe: sheria hiyo yakataza kumfukuza aliyelalamikia hatari. Akaripiwaye leo, kesho hunyamaza.

Kitambaa kilichoibwa hununuliwa kingine. Roho ya mfanyakazi ni amana, na amana hairudishwi kwa fidia.