Kabati Ipangwe kwa Ajili ya Jumatatu, Si kwa Ajili ya Kamera

Wacha niseme kitu kitakachowaudhi wengine: zile kabati za kuingia kwa miguu mnazozitamani kwenye simu, zenye taa chini ya kila rafu na kiti cha manyoya katikati, nyingi zimepangwa kwa ajili ya kamera. Nguo kumi za rangi ya maziwa, viatu jozi sita, basi. Hakuna sweta ya baridi ya Julai. Hakuna blanketi la mgeni. Ule mfuko wa nguo chafu uko wapi? Hapo mtu haishi jameni, anapiga picha tu.

Mimi nasema kabati ipangwe kwa ajili ya Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Stima zimepotea, uko na dakika ishirini, na matatu haikungoji. Ukinyoosha mkono gizani ukapata shati, suruali na soksi mbili zinazofanana, kabati yako ni fiti hata kama ni bomba na pazia. Ukikosa, hata iwe kabati ya Runda, imekushinda.

Sasa kuna wale husema, "Ngoja kwanza nihamie nyumba kubwa." Hao ndio nataka tubishane nao leo, kwa namba.

Hanga ya kawaida ina upana wa karibu sentimita 45. Ongeza mikono ya koti na nafasi kidogo, unafika 60. Hicho ndicho kina cha kabati inayofanya kazi. Binadamu naye, ili asimame, ainame na ageuke bila kugonga kiwiko, anataka kama 90. Kwa hiyo chumba cha nguo chenye hanga pande zote mbili kinataka upana wa mita 2.1: yaani 60, 90, 60. Chenye hanga upande mmoja, mita moja na nusu.

Haya, angalia keja yako. Ile 90 ya kusimama unayo tayari: ndiyo sakafu unayopita kila siku ukienda kitandani. Unachohitaji ni ukuta mmoja na sentimita 60 mbele yake. Tajiri amelipia sakafu ya pili ya kusimama, akaizungushia kuta na mlango. Ni raha, sikatai. Lakini nguo zenyewe hazijui tofauti.

Kwa hivyo usikimbilie dukani. Anza kwa kumwaga kila kitu kitandani na kuhesabu. Shati jepesi kwenye hanga hula kama sentimita mbili na nusu za bomba, koti nene hula sita au zaidi. Maana yake mita moja ya bomba inabeba mashati kama 40, au makoti 16 hivi. Ukishajua hesabu yako, unajua bomba yako. Kama mnalala chumba kimoja na ndugu yako, mgawane sentimita kwa sentimita na muweke alama. Mtagombana mara moja, halafu mtakaa kwa amani.

Kisha pima urefu. Mashati na suruali zilizokunjwa mara mbili zinatosha kwenye nafasi ya mita moja kwenda chini, kwa hivyo unaweza kuweka bomba mbili, moja juu ya nyingine: ya chini kwenye mita moja, ya juu karibu mita mbili. Hapo umepata nafasi mara mbili kwa ukuta uleule. Dera, buibui, kanzu na magauni marefu yanataka karibu mita moja na nusu hadi 1.6, basi yaachie kipande kimoja chembamba pembeni. Sweta usizitundike, zitavutika mabega mpaka zionekane za mtu mwingine. Zikunje. Rafu ziachane sentimita 30 hadi 35 tu, kwa sababu rundo likizidi hapo, ukivuta ya chini zote zinakuja.

Vitu vya kila siku vikae kati ya goti na macho. Juu kabisa weka sanduku la safari na blanketi. Chini weka viatu. Ubao wa mita moja unabeba jozi nne hivi, tano ukizibana.

Kwa wapangaji, najua wimbo: keateka hataki usikie hata neno "drili", na ukitoboa ukuta, deposit imeenda. Sawa. Nenda kwa fundi wa kuchomelea aliye mtaani kwako, umpelekee vipimo vilivyoandikwa, akutengenezee fremu ya chuma inayosimama yenyewe. Bomba ikizidi mita 1.2 mwambie aweke mguu katikati, la sivyo itapinda. Siku ya kuhama unaibeba. Zile kabati za kitambaa zenye vyuma kama mirija ya soda, mazee, zinakubali nguo za wiki moja tu, ukiongeza jaketi zinalala.

Na usisahau harufu na unyevu. Kwenye bedsita jiko liko hatua tatu kutoka kwa shati lako la kazi. Weka kabati upande wa mbali na jiko, funika kwa pazia, la sivyo utaingia ofisini ukinukia vitunguu. Usiibandike kwenye ukuta wa bafu, na uiache na upenyo kama wa vidole vitatu nyuma ili hewa ipite. Msimu wa mvua, jaketi la ngozi likikaa kwenye kona yenye unyevu huota ukungu. Watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa hili.

Sasa nina neno na wanaojenga nyumba za kupangisha. Mbona kabati mnazoweka zina kina kidogo kiasi kwamba mlango haufungi hanga ikiwa ndani? Mbona bomba ni moja, na rafu iko juu ambapo hata mchezaji wa basketiboli hafiki? Nenda Lamu uone nyumba za mawe za zamani. Ndani ya kuta zile nene kuna zidaka, vijishubaka vilivyopangwa ukutani, vya kuwekea vyombo na mapambo ya nyumba. Aliyejenga alifikiria vitu vya mwenye nyumba vitakaa wapi kabla hajamaliza ukuta. Sisi tunapewa kuta nne, tunaambiwa tujipange. Sentimita 60 kwenye ramani, kabla ya kumwaga zege, zingetuokolea kero nyingi.

Lakini pia tuambiane ukweli. Hakuna kabati inayoweza kumshinda mtu anayeenda Gikomba kila Jumamosi. Bei ni nzuri, najua, nami ni mteja. Ndiyo maana naipenda bomba iliyopimwa: inakwambia ukweli. Ikijaa, imejaa. Kipya kikiingia, kimoja kinatoka, kinaenda kwa binamu au kinauzwa. Ukijibu kila mtumba kwa kununua rafu nyingine, mwisho utalala sebuleni, na bedsita haina sebule.

Wengi wetu tuliosoma bweni tuliweka maisha ya muhula mzima ndani ya sanduku moja la bati: sare, shuka, sabuni, hata ile sukari ya siri. Tulijua kila kitu kiko wapi, gizani, kwa kugusa tu. Akili ya kupanga tunayo. Tusikubali simu itwambie ni lazima tuwe na chumba kizima ndipo tuwe na mpango.

Pima ukuta wako leo, uniambie umepata sentimita ngapi. Na kama bado unasema keja yako ni ndogo sana, leta vipimo tubishane.