Dawa Chungu na Mgonjwa Asiyeulizwa

Wazee wetu hupenda kusimulia habari za foleni za sukari na sabuni za miaka ya 1980. Sisi vijana hucheka. Lakini yafaa tujiulize: mbona foleni zile zilidumu, na zilipokwisha, nani aliyelipa?

Mwaka 1979 Tanzania ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin, bei ya mafuta imepanda, na fedha za kigeni zimeadimika. Waziri wa Fedha, Bwana Edwin Mtei, aliona hapana budi kupatana na Shirika la Fedha la Kimataifa na kupunguza thamani ya shilingi. Mwalimu Nyerere alikataa, na Bwana Mtei akajiuzulu. Mapatano makubwa yalifikiwa mwaka 1986, wakati wa Rais Mwinyi.

Mwalimu hakukataa kwa ukaidi. Shilingi ikishuka bei hupanda, na aumiaye kwanza ni maskini. Lakini kukawia nako kuna gharama: usipoziba ufa utajenga ukuta. Viwanda vilikosa vipuri, na mkulima aliuza pamba yake asipate hata khanga ya kumnunulia mkewe.

Basi ikaja ruksa, maduka yakajaa. Lakini wazazi nao wakatakiwa kuchangia karo na matibabu. Shangazi yangu aliacha shule mwaka 1994, akiwa kidato cha pili, kwa kukosa karo. Hata leo akiniona na vitabu hunyamaza kidogo. Mimi nasoma kwa kuwa tangu 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne.

Wako watakaosema kuwa mambo ya uchumi ni ya wataalamu, raia hayajui. Sikubali. Mtaalamu ajua hesabu ya shilingi, lakini mama anunuaye unga kila siku ajua ni mlo upi utakaokatwa. Wote wawili wasikilizwe.

Kwa hiyo, serikali yoyote itakayo kugeuza uchumi isikawie, wala isifanye kimyakimya. Na iwaambie watu mapema: nani ataumia, kwa muda gani, na kitu gani hakitaguswa. Kwa maoni yangu, kisiguswe kiti cha mtoto darasani. Maduka matupu hujazwa kwa miaka michache; shangazi hakurudi darasani kamwe.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV