Gungu la Liyongo Lisitupotee

Hakuna mtoto wa pwani, tangu Lamu hadi Vanga, asiyepata kusikia jina la Fumo Liyongo. Wengi wamfahamu kwa mwisho wake: shujaa asiyedhurika kwa mkuki wala mshale, akauawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba ya kitovu. Kijana yule aliahidiwa uwaziri na binti wa mfalme wa Pate, na ahadi ile hakuifaidi. Ndipo tukasema, kikulacho ki nguoni mwako.

Mafunzo hayo ni ya kweli, lakini twaona si yote. Kabla ya sindano, palikuwa na wimbo. Liyongo alipofungwa gerezani Pate, walinzi walizoea kumnyang'anya chakula kizuri alicholetewa na kijakazi Saada. Akaimba maneno ambayo walinzi waliyasikia wasiyafahamu: mama yake aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi waliudharau mkate wa wishwa, wakamwachia. Kisha akaomba achezewe gungu kabla ya kuuawa. Ngoma ilipopamba moto, matuazi na tasa zikilia, yeye alikuwa akikata minyororo. Lugha ilimwokoa mtu ambaye nguvu zake hazikumfaa kitu.

Wanazuoni hawajaafikiana aliishi karne gani. Lakini masimulizi yake yanafungamana na Shaka, Ozi na Kipini, na mwaka 1870 Edward Steere alichapisha kisa chake pamoja na nyimbo za gungu katika kitabu kilichotolewa London. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu, mshairi na mwandishi wa khati nzuri, alikitunga kuwa utenzi. Bila ya watu hao, na wazee waliohifadhi vifuani mwao, leo tungebaki na jina tupu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba utenzi huu sasa wasomwa zaidi kuliko kuimbwa. Mwanafunzi huukariri kwa ajili ya mtihani, akafasiriwa maneno ya Kiamu kama kwamba ni lugha ya kigeni. Gungu la kufunda na gungu la kukwaa, zilizokuwa fahari ya harusi za mababu zetu, vijana wengi hawazitambui hata kwa jina. Kwa hivyo wamekuwa kama walinzi wale wa Pate: wimbo waimbwa mbele yao, nao hawajui umesema nini.

Wako watakaosema ngoma ni mambo ya kale, na kwamba yafaa tushughulikie elimu na dini. Hatupingi. Lakini utenzi huu ulitungwa na Mwislamu, ukaandikwa kwa herufi za Kiarabu, nao wahimiza kuunga udugu na wakemea khiana na tamaa. Kuuhifadhi si kuiacha dini.

Twawaomba walimu wausomeshe kwa sauti na mahadhi yake. Twawaomba vijana wenye simu wamwendee bibi au babu anayezijua nyimbo hizi, wamrekodi, na wamwulize maana ya kila neno. Mzee akifa na wimbo wake, hapana tupa itakayoukata ukimya ule. Mwacha mila ni mtumwa.