Binti Yangu Ataka Kucheza Raga



Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya hapa Suma, mama mmoja alinivuta kando. "Dada, binti yangu ameona wasichana wa Kenya kwenye simu, naye ataka kucheza raga. Si ataharibu kizazi?" Alikwisha kumkataza, na sasa ilikuwa siku ya tatu binti hasemi naye.

Nilimsimulia habari za Janet Okelo. Mwaka 2016 raga ya wachezaji saba iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Rio de Janeiro. Afrika Kusini, mabingwa wa Afrika, hawakupelekwa na nchi yao, nafasi ikawaangukia Wakenya waliokuwa wa pili. Okelo alikuwamo. Walimaliza wa 11 kati ya timu 12. Hakukata tamaa. Alikwenda kucheza Japani, na mwaka 2021 alikuwamo tena kwenye Olimpiki ya Tokyo, nahodha wao akiwa Philadelphia Olando. Safari hii walikuwa wa 10. Miaka mitano ya jasho, hatua moja! Sisi tunaopanda chai na kungoja miaka ndipo tuchume, twaielewa subira hiyo.

Sasa kizazi. Kwa msichana asiye mjamzito, kizazi kimekaa ndani ya mifupa ya nyonga, kimekingwa vizuri. Kukimbia na kuanguka hakumfanyi tasa. Lakini mjamzito asicheze raga.

Mimi ningechunga mambo mawili. La kwanza ni kichwa. Akigongwa kisha akaumwa kichwa, akatapika, akaona kizunguzungu au akasahau alipo, atoke uwanjani palepale, asirudi siku hiyo hata akisema amepona. Apelekwe kituo cha afya. La pili ni chakula. Msichana anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo anaweza kukosa hedhi, na mifupa yake ikadhoofika. Ndizi peke yake hazitoshi; mwongezee maharage, mayai, maziwa na mboga za majani. Hedhi ikikosekana miezi mitatu, mlete tumwone.

Yule mama aliondoka bado ana hofu, lakini jioni alimwita binti jikoni, wakazungumza.

Nawe mama, kabla hujasema "hapana", uliza mwalimu wao ni nani, na mtoto akiumia nani atamhudumia. Majibu hayo ndiyo yakuongoze.

Tuonane mwezi ujao.