Ushindani wa mitandao ya simu na fedha za mpunga

Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, iliwahi wateja na mawakala. Kampuni yenye wateja wengi haina haraka ya kufungua milango, kwani anayetaka kuwatumia fedha wateja wake huvutwa kujiunga nayo. Wapinzani ndio huungana kwanza: mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja. Vodacom ilijiunga mwaka 2016.

Kwa mkulima wa mpunga wa Chekereni, mnunuzi wa mtandao mwingine si kikwazo tena. Lakini makato ya kutoa humwangukia anayepokea. Kabla gunia halijapanda lori, wapatane bei pamoja na nani atakayebeba makato hayo.