NGOMA INAGONGWA KILA BAA MUGUMU, ALIYEIMBA BADO ANADAIWA NA STUDIO

Kuna mpiga litungu mmoja wa pande za Serengeti, jina kapuni, ambaye ukishuka stendi ya Mugumu asubuhi utamsikia kabla hujapata chai. Bodaboda wanamgonga, duka la vipuri wanamgonga, baa ndo usiseme. Jamaa aliuza ng'ombe mnadani ili aingie studio. Wimbo ukatoka, wiki mbili nyingi ukawa umefika Nyamongo, Tarime mjini, Sirari, ukavuka mpaka hadi kwa Wakurya wa Kehancha kule Kenya. Mwenyewe hajauza nakala hata moja, na salio la studio bado linamsubiri.

Lawama zote anashushiwa kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo, yule mwenye kompyuta moja na spika mlangoni. Unampa memori kadi na buku yako, unaondoka na nyimbo za mwezi mzima. Ni kweli anakula jasho la mtu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haina kona ya kumficha. Ila ukweli usemwe: vibanda vyote vikifungwa kesho, mkulima wa Morotonga hataanza kununua nyimbo mtandaoni. Bando lenyewe la kuungaunga. Atarushiwa na jirani kwa WhatsApp, maisha yanaendelea.

Na hii kunakili haijaanza na flashi. Enzi za kaseti watu walirekodi nyimbo moja kwa moja kutoka redioni. Zikaja CD, zikachomwa. Mwaka 2013 ikaletwa stempu ya TRA ya kubandika kwenye CD na DVD ili feki zijulikane. Wazo zuri, lakini CD zenyewe zilikuwa zinaelekea kaburini. Utabandika wapi stempu kwenye wimbo unaorushwa kwa Bluetooth?

Kuna wenye hela kabisa wanaotumia hizi nyimbo kibiashara, na hao hawasemwi. Baa inayojaza watu kwa sababu ya muziki. Ukumbi wa harusi. Redio inayouza matangazo katikati ya nyimbo mbili. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha iliyotokana na nyimbo kuchezwa redioni na kwenye televisheni, zaidi ya shilingi milioni 312 kwa wasanii 1,123. Gawanya mwenyewe, inakuja kama laki mbili na elfu sabini na kitu kwa kichwa, ingawa hawakupata sawa. Kwa staa wa Dar hiyo ni hela ya viatu. Kwa mpiga litungu ni ng'ombe mdogo anarudi zizini.

2023 ikaanza tozo ya hakimiliki, asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kunakilia kazi za sanaa. Maana yake hata serikali imekubali kwamba watu watanakili tu, bora kitu kidogo kirudi kwa msanii. Safi. Tatizo ni kwamba ili pesa ikufikie, kazi yako iwe imesajiliwa, na wasanii wengi wa asili huku hawajasajili hata wimbo mmoja. Wanalia wanaibiwa wakati jina lao halipo kwenye daftari. Afisa utamaduni yupo kila halmashauri, lakini ni wangapi wamewahi kugonga mlango wake?

Kinachowalisha kwa sasa ni shoo. Litungu tangu zamani halikuuzwa kwa nakala. Mpigaji anaitwa kwenye sherehe, anamsifia mwenye nyumba, anautaja ukoo wake, watu wanainuka wanamtunza. Wasanii wa Kisukuma wamelielewa hili mapema: video zao YouTube zina namba ya simu kubwa kabisa kwenye kioo, anayetaka kuwaalika apige. Kwao wimbo ukinakiliwa ni tangazo la bure. Hiyo ni akili ya biashara, na wa Mara waige bila aibu.

Lakini wale wanaosema "nyimbo ziwe bure, msanii ale kwenye shoo" wanarahisisha mno. Akilazwa na malaria wiki mbili, hakuna harusi wala tuzo, na huku wimbo wake unaendelea kuuza bia pale pale. Akizeeka vidole vikakakamaa, je? Na yule anayetunga lakini hapandi jukwaani anakula wapi? Shoo inalipa mwili uliopo. Mirabaha ndiyo inayolipa wimbo, na ndiyo maana mwenye baa asiachwe apite kimya kimya akijificha nyuma ya kijana wa kibanda.

Kijana naye asijione ameponea. Kuna tabia imeingia, hasa kwa wanaojiita madj, ya kukata mwanzo wa wimbo wa asili, ile sehemu msanii anajitaja jina na namba yake, na kubandika sauti yao: "DJ fulani, mkali wao, Mugumu City." Hapo sasa hujanakili tu, umemkata mtu mkono unaomletea kula. Kama huwezi kumlipa, basi hiyo namba yake iache kama ilivyo.